Safari Isiishie Mlangoni: Usafiri na Majengo kwa Watu Wenye Ulemavu Milimani Mgeta



Katika toleo hili tunazungumzia jambo ambalo mara nyingi huachwa mwisho katika mipango ya maendeleo: namna mtu mwenye ulemavu anavyotoka nyumbani kwake, anavyopanda gari, na anavyoingia katika jengo alilolikusudia, liwe kanisa, zahanati, shule au ofisi ya kijiji. Tumechukua mfano wa Mgeta, wilayani Mvomero, kwa sababu katika milima ya Uluguru tatizo hili halijifichi. Mahali ambapo kila njia ni ya kupanda au kushuka, hata ngazi moja isiyo ya lazima ina uzito wake.

Ombi letu tunalitaja mapema. Kila kamati inayopanga kujenga au kukarabati jengo iikague safari nzima, kuanzia nyumbani kwa muumini hadi kwenye benchi la kanisa, kabla msingi haujachimbwa. Na ukaguzi huo ufanywe pamoja na watu wenye ulemavu wenyewe.

Ni watu wangapi?

Utafiti wa taifa wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa asilimia 7.8 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi walikuwa na ulemavu. Sensa ya 2012 ilitoa asilimia 9.3, na sensa ya 2022 ilitoa asilimia 11.2. Kwa hesabu ya 2022, karibu mtu mmoja katika kila watu 9 wa umri huo ana ulemavu wa aina fulani.

Tunaomba kila kamati ijaribu hesabu hiyo Jumapili ijayo. Kanisa lenye waumini wazima 200 lingetarajiwa kuwa na watu wapatao 20 wenye shida ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka au kujihudumia. Baadhi yao wapo ila ulemavu wao hauonekani kwa macho. Lakini kama mnawafahamu wawili au watatu tu, basi wengine wako nyumbani, na inafaa kujiuliza ni nini kinachowabakiza huko.

Tukumbuke pia kwamba mlango unaompitisha mwenye kiti cha magurudumu humpitisha mzee mwenye mkongojo, mama mjamzito, mgonjwa aliyebebwa kwa machela, na kijana aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda. Hakuna familia isiyouhitaji mlango huo siku moja.

Mtoto anapokuwa mzito

Wanaofanya kazi na familia za milimani wanalijua jambo hili. Mtoto asiyeweza kutembea hubebwa mgongoni na mama yake. Akiwa na miaka miwili, mitatu, minne, hupelekwa kliniki, hupelekwa kanisani, hata sokoni huonekana. Anapofika umri wa kuanza shule anakuwa mzito. Mama yule yule ana jembe, ana tenga la kabichi la kupeleka barabarani, na pengine ana mtoto mwingine mchanga. Safari za kliniki zinapungua, kisha zinakoma. Shule haianzwi, au inaanzwa na kuachwa masika, wakati njia zinateleza.

Hakuna aliyekaa kikao akaamua kwamba mtoto huyo asisome. Uamuzi umefanywa na njia, na ngazi, na gari lisilosimama. Ndiyo maana tunasema kuwa ramani ya jengo na utaratibu wa kupakia abiria ni mambo ya haki, sawa na dawa na madaftari.

Sheria inasemaje

Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwezi Desemba 2006, na Tanzania iliuridhia Novemba 2009. Ibara ya 9 ya mkataba huo inazitaka nchi kuondoa vikwazo katika majengo, barabara, usafiri na mawasiliano, mijini na vijijini. Neno vijijini limo humo, kwa hiyo Mgeta imo.

Hapa nchini tulikuwa na Sera ya Taifa ya mwaka 2004, kisha ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, iliyochukua nafasi ya sheria za mwaka 1982. Sheria hiyo inatambua haki ya mtu mwenye ulemavu kuyafikia na kuyatumia majengo na huduma zilizo wazi kwa watu wote. Inaweka pia kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji. Kamati ya parokia isiyojua kama kijiji chake kina kamati hiyo ianze kwa kumuuliza mtendaji wa kijiji.

Lakini sheria peke yake haipunguzi urefu wa ngazi. Majirani zetu wa Kenya walitunga sheria mwaka 2003 iliyowapa wenye magari ya abiria miaka 2, na wenye majengo ya umma miaka 5, wawe wamefanya marekebisho. Muda huo ulipita, na matatu ziliendelea kuwa na milango myembamba na ngazi za juu. Mwaka 2025 Kenya ilitunga sheria mpya. Somo kwetu ni kwamba pasipo watu wa mahali penyewe kushika futi kamba na kupima, haki inabaki kwenye karatasi.

Safari ni mnyororo

Tumfikirie mtu anayetumia kiti cha magurudumu, anayetoka Dar es Salaam kwenda kuwasalimu wazazi wake Nyandira. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kubeba abiria kati ya Kimara na Kivukoni mwezi Mei 2016, yana vituo ambavyo sakafu yake iko sawa na sakafu ya basi. Msongamano wa asubuhi na jioni unaweza kumzuia, lakini ngazi haimzuii. Tangu Juni 2024 ipo treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, na stesheni zake zimejengwa na lifti. Kwa hiyo mtu huyo anaweza kufika Morogoro mjini bila kubebwa na mtu yeyote.

Baada ya hapo mnyororo unaanza kukatika. Kutoka barabara kuu ya Iringa gari linaingia Sangasanga, linapita Mlali, kisha linaanza kupanda kuelekea Mgeta, Langali na Nyandira. Magari ni ya aina nyingi, na mengine ni ya mizigo yanayoshuka na mboga na kurudi na watu. Ngazi ya kwanza huweza kuwa juu ya goti. Kondakta ana haraka. Kiti cha magurudumu kinaitwa mzigo na kulipiwa nauli yake. Akishuka kuna njia ya mguu ya kupanda, na mwisho wa njia lipo jengo lenye ngazi tano.

Mnyororo una nguvu ya pete yake iliyo dhaifu kuliko zote. Haisaidii kuwa na zahanati yenye mlango mpana ikiwa hakuna gari linalokubali kumpakia mgonjwa. Wala haisaidii gari kumpakia ikiwa atashushwa mbele ya ngazi tano. Kamati ya parokia haiwezi kutengeneza pete zote. Lakini pete za mwisho, yaani kituo cha gari cha kijijini, njia ya kufika kwenye jengo, mlango na choo, ziko mikononi mwake.

Kwenye gari: tuinue mahali pa kupandia

Siri ya mabasi ya mwendokasi ni rahisi: badala ya abiria kupanda juu kulifuata basi, kituo kimeinuliwa. Jambo hilo linawezekana Mgeta kwa mawe na udongo. Penye kituo, hasa mahali ambapo barabara imechongwa ubavuni mwa mlima na kingo tayari zipo, panaweza kujengwa jukwaa dogo la mawe lenye kimo cha sentimita 40 hadi 50, likiwa na njia ya mteremko upande mmoja. Gari likisogea kandokando yake, anayetumia magongo hupanda kwa hatua moja fupi, na anayetumia kiti husogezwa hadi kwenye siti badala ya kunyanyuliwa kutoka chini. Kabla ya kujenga, ofisi ya kijiji na wakala anayehusika na barabara hiyo wapewe taarifa, ili jukwaa lisiingie katika hifadhi ya barabara wala kuziba mfereji.

Mambo mengine hayahitaji hata mfuko mmoja wa saruji. Kamati inaweza kukaa na madereva na makondakta wa njia hiyo wakakubaliana haya:

1. Siti iliyo karibu na mlango, au ya mbele kwa dereva, iachwe kwa mwenye ulemavu hadi gari litakapoondoka.
2. Kiti cha magurudumu, magongo na fimbo nyeupe visitozwe nauli. Hivyo ni miguu na macho ya abiria.
3. Gari libebe kigoda imara cha ngazi mbili, cha kuweka chini ya mlango.
4. Kondakta ataje vituo kwa sauti kwa ajili ya wasioona, na amwonyeshe abiria kiziwi kwa mkono au kwa maandishi.
5. Mtu asinyanyuliwe kabla hajaulizwa. Yeye ndiye anayejua mwili wake unashikwa wapi na hauguswi wapi.

Dereva mmoja akianza, mwingine ataona kwamba dakika mbili za kusubiri hazimpotezei safari.

Kwenye jengo: mlango wa upande wa juu

Kipimo kinachokubalika kwa njia ya mteremko ni 1 kwa 12, maana yake kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi moja ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa mita 1.8. Ngazi tatu, yaani sentimita 45, zinahitaji mita 5.4. Mteremko ulio mfupi kuliko hapo huwa mkali: anayejisukuma mwenyewe hawezi kuupanda, na anayeteremka huweza kupinduka. Tumeona miteremko ya namna hiyo katika majengo mengi. Imejengwa kwa nia njema, lakini hutumika zaidi kupitishia toroli.

Wanakamati wa milimani watasema kwamba hawana nafasi ya mita zote hizo. Jibu mara nyingi liko nyuma ya jengo. Huku kwetu fundi hukata ubavu wa mlima, akajaza udongo upande wa chini, akajenga. Mlango mkuu huelekezwa bondeni au barabarani, na huko ndiko ngazi huwa nyingi. Lakini upande wa juu sakafu ya jengo huwa karibu sawa na ardhi. Mlango ukiwekwa upande huo, na njia ikachongwa ubavuni ikifuata usawa wa mlima kama matuta ya mashamba yanavyofuata, mtu huingia bila ngazi hata moja. Upande wa juu ndiko maji ya mvua yanakotoka, kwa hiyo mfereji ni lazima, na pale njia inapoukatiza ufunikwe kwa zege.

Mlango huo usifanywe mlango wa aibu wa kuingilia kwa kificho. Utumiwe na watu wote, na ufunguliwe Jumapili pamoja na ule mwingine.

Vipimo vingine vya kumpa fundi ni hivi:

- Upana wa njia ya mteremko: mita 1.2. Pembeni pawe na ukingo wa sentimita 10 ili gurudumu lisitoke nje.
- Juu na chini ya mteremko pawe na sehemu tambarare ya mita 1.5. Mteremko mrefu uwe na pumziko kama hilo katikati.
- Uso wa zege ukwaruzwe kwa fagio kabla haujakauka. Zege laini katika ukungu na mvua za Mgeta ni hatari.
- Bomba la kushikilia, kwa kimo cha sentimita 90, pande zote mbili.
- Nafasi ya mlango: sentimita 90. Milango miwili inayokutana mara nyingi hufunguliwa upande mmoja tu, na upande huo pekee hautoshi.
- Kizingiti kisizidi sentimita 2.
- Kingo za ngazi zipakwe rangi nyeupe au njano kwa ajili ya wenye uoni hafifu.

Choo kisisahauliwe

Mtu akijua kwamba huko aendako hakuna choo atakachoweza kukitumia, hanywi maji tangu asubuhi au haendi kabisa. Wanawake na wasichana ndio wanaoteseka zaidi. Asiyeweza kusimama hulazimika kutambaa kwa mikono juu ya sakafu ya choo cha shimo, na hilo halihitaji maelezo.

Chumba kimoja cha choo kiwe na upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 1.8 au zaidi. Mlango ufunguke kwa nje, na ndani pawe na bomba la kushikilia ukutani. Juu ya tundu pajengwe kiti cha zege au matofali cha kimo cha sentimita 45 hadi 50. Mahali ambapo choo kimekwisha kujengwa, seremala anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu, kinachowekwa na kuondolewa. Njia ya kwenda chooni nayo iwe ile ile isiyo na ngazi.

Ndani ya kanisa na ukumbi

Benchi moja au mawili yakikatwa kwa urefu wa mita moja, mwenye kiti cha magurudumu hukaa katikati ya jamaa zake, badala ya kuwekwa peke yake mlangoni au mbele ya watu wote. Msomaji mwenye ulemavu asizuiwe na ngazi za mimbari. Kipaza sauti kinaweza kushushwa alipo. Matangazo ya ukutani yasomwe kwa sauti. Muumini kiziwi akiwepo, kijana mmoja wa parokia anaweza kupelekwa kujifunza lugha ya alama.

Na pale jengo lisipoweza kurekebishwa mwaka huu, hamisheni kikao. Jumuiya inayokutana nyumba ya juu kila wiki inaweza kukutana kwa mwenzao asiyeweza kupanda. Hilo halina gharama hata ya shilingi moja.

Injili ya Marko sura ya 2 inatueleza habari za watu wanne waliombeba mwenzao aliyepooza, wakakuta mlango umezibwa na umati, wakapanda na kutoboa paa. Tunawasifu wale wanne kila tunapoisoma habari hiyo. Ni vema tujiulize pia kwa nini mlango ulikuwa umezibwa, na ni nani kati yetu leo amesimama mlangoni.

Waulizeni wenyewe

Wazee wa Uluguru wanakumbuka habari za matuta ya miaka ya 1950. Serikali ya kikoloni iliamuru watu wachimbe matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Nia ya kuhifadhi ardhi haikuwa mbaya, lakini amri ilitoka juu, na mwaka 1955 ghasia zikazuka na mpango ukavunjika. Kazi inayowahusu watu ikifanywa bila wao, hata ikiwa na manufaa, haidumu.

Hata katika jambo hili ni hivyo hivyo. Kabla ya kuchora, waalikeni watu wenye ulemavu wa aina mbalimbali, pamoja na wazazi wa watoto wenye ulemavu, mtembee nao kutoka kituo cha gari hadi altareni na chooni. Asiyeona atawaonyesha shimo ambalo ninyi mmelizoea. Mwenye magongo atawaonyesha mahali panapoteleza. Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu Tanzania (SHIVYAWATA) linaunganisha vyama vya kitaifa vinavyoweza kutoa ushauri.

Kwa wafadhili wetu

Ripoti ya Dunia kuhusu Ulemavu, iliyotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Benki ya Dunia, inasema kuwa jengo jipya kwa kawaida linaweza kutimiza viwango vyote vya kufikika kwa nyongeza ya karibu asilimia 1 tu ya gharama, mradi mahitaji hayo yaingizwe tangu mwanzo. Kubomoa na kujenga upya ndiko kunakogharimu.

Tutoe mfano wa kijijini. Zege la juu la mteremko wa mita 5.4 kwa upana wa mita 1.2 na unene wa sentimita 10 halifiki hata mita moja ya ujazo. Fundi atahitaji mifuko ya saruji ipatayo 4, na mingine michache kwa kuta za mawe. Mawe, mchanga na nguvu za watu, parokia inaweza kuchangia yenyewe.

Kwa hiyo tunawaomba wafadhili wetu jambo moja. Mnapoletewa maombi ya kujenga darasa, zahanati au kanisa, ulizeni: mtu asiyetembea ataingiaje, na ataenda choo gani? Ulizeni kabla ya kutoa fedha. Swali hilo likitoka kwenu litaifanya kila kamati irudi kwenye ramani yake.

Maswali ya kujadili katika kikao kijacho

1. Ni watu gani wenye ulemavu katika vigango vyetu ambao hatujawaona kanisani mwaka huu? Nani atawatembelea?
2. Gari linasimama wapi, na kutoka hapo hadi mlangoni kuna vikwazo gani?
3. Je, jengo letu lina mlango wa upande wa juu unaoweza kutumika?
4. Je, mlango una nafasi ya sentimita 90? Pimeni, msikisie.
5. Je, kuna choo ambacho mtu asiyesimama anaweza kukitumia bila kugusa sakafu?
6. Ni jambo gani moja tunaloweza kulikamilisha kabla ya masika, kwa nguvu zetu wenyewe?

Swali la sita ndilo lenye uzito zaidi. Msisubiri mradi mkubwa. Mteremko mmoja, kigoda kimoja ndani ya gari, benchi moja lililokatwa, vinatosha kuanza. Mkikamilisha tuandikieni, mtueleze mlivyofanya na vipimo mlivyotumia, ili katika toleo lijalo parokia nyingine zijifunze kwenu.